Jiwe la Ilesi na Dhahabu ya Kakamega: Jinsi Graniti Ilivyoumbika

Msafiri anayetoka Kisumu kuelekea mji wa Kakamega huliona Jiwe la Ilesi kando ya barabara: nguzo ndefu ya mwamba iliyobeba jiwe kubwa kichwani, na maji yakiteremka ubavuni kama machozi. Jiwe hilo ni graniti. Historia yake ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya visima eneo hili hukauka, na kwa nini wakazi huchimba dhahabu.

Graniti hutoka wapi?

Graniti haikumwagika juu ya ardhi kama lava ya volkano. Kilomita nyingi chini ya ardhi, mawe huyeyuka na kuwa uji mzito wenye joto la nyuzi 700 hivi au zaidi. Kwa kuwa uji huo ni mwepesi kuliko mawe yanayouzunguka, hupanda polepole, ukijipenyeza kwenye nyufa na kuyasukuma mawe ya zamani. Mwingi wake huganda kabla ya kufika juu.

Kwa kuwa umefunikwa, hupoa kwa maelfu ya miaka, hata mamilioni. Kupoa polepole huipa chembe zake nafasi ya kukua. Ndiyo maana mtu akivunja kipande cha graniti huona kwa macho chembe za kuotsi, feldispa na maika. Graniti za magharibi mwa Kenya ziliumbika zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita.

Mawe jirani hufanywa nini?

Joto la graniti huyaoka mawe yaliyo karibu, kama tanuri linavyooka matofali. Mawe ya matope hugeuka kuwa magumu, mawe ya mchanga huwa kuotsaiti, na mawe ya chokaa huwa marumaru. Ukanda uliookwa huweza kuwa na upana wa mita chache tu au zaidi ya kilomita moja, kutegemea ukubwa wa graniti.

Pamoja na joto huja maji ya moto yaliyobeba madini. Maji hayo hupita kwenye nyufa za mawe jirani, na yanapopoa huacha mishipa ya kuotsi nyeupe. Baadhi ya mishipa hiyo huwa na dhahabu. Dhahabu ya Kakamega, iliyovuta umati wa wachimbaji kuanzia 1931 na kuchimbwa Rosterman hadi 1952, ilipatikana katika mishipa ya aina hii ndani ya mawe ya zamani. Hata hivyo, si kila kuotsi ina dhahabu.

Ilifikaje juu?

Mvua na mito iliondoa mawe yaliyoifunika. Mzigo ulipopungua, graniti ilipasuka. Maji yakaingia kwenye nyufa, yakala kingo, na mawe ya mviringo yakabaki yamepangana.

Mkazi azingatie nini?

Maji: Graniti nzima haipitishi maji. Maji hukaa kwenye nyufa na katika tabaka la juu lililooza. Kisima kilichochimbwa bila uchunguzi wa kitaalamu huweza kutoka kikavu, na pesa zikapotea. Uchunguzi na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutangulia uchimbaji.

Uchimbaji dhahabu: Mawe yaliyo kando ya mshipa mara nyingi yamepasuka na kulainika, hasa wakati wa mvua. Shimo lisiloegemezwa kwa mbao ni hatari, na halifai kuingiwa baada ya mvua kubwa. Zebaki nayo hudhuru mishipa ya fahamu, na moshi wake haupaswi kufika jikoni wala karibu na watoto. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, mchimbaji mdogo anahitaji kibali.

Mashimo ya zamani: Yaliyoachwa wazi yazungushiwe ua na kuripotiwa kwa chifu au msimamizi wa wadi kabla mtoto au mfugo hajatumbukia.