Mwalimu avae kipaza sauti, mtoto asikie

Mzazi wa Diani au Msambweni, huenda mtoto wako amepewa kifaa cha kusikia na bado darasani haelewi. Usimwite mvivu. Kifaa hicho hukuza kila sauti: ya mwalimu, ya madawati yanayoburutwa, ya mvua juu ya mabati. Na kadiri mwalimu anavyosogea mbali, sauti yake hufifia.

Kipo kipaza sauti kidogo kisicho na waya. Mwalimu hukibana kwenye nguo, nacho hurusha sauti yake moja kwa moja hadi kwenye kifaa cha mtoto. Kabla ya kununua, muulize mtaalamu wa masikio kama viwili hivyo vinapatana.

Kichajiwe usiku. Asubuhi angalia kwanza betri ya kifaa cha mtoto. Kisha mwalimu akibane kifuani, kama shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu au ushungi, maana msuguano wake mtoto huusikia kama ngurumo. Asimame nyuma ya mtoto, hatua kumi hivi, ataje maneno matano kwa sauti ya kawaida, mtoto ayarudie. Mwanafunzi mwingine akijibu swali, apewe kipaza sauti. Na mwalimu akienda ofisini akizime, la sivyo mtoto atasikia siri zote za walimu!

Jasho na hewa ya chumvi huharibu vifaa hivi upesi. Vifutwe kwa kitambaa kikavu kila jioni. Sikio likitoa usaha, usivike kifaa, mpeleke hospitali ya Msambweni. Mtoto asiyesaidiwa na kifaa chochote anahitaji lugha ya ishara, na Kwale ina shule ya viziwi.