Kijana anayekataa majani

Wewe baba, na wewe mama, angalieni masahani ya nyumba yenu leo jioni. Baba amewekewa nyama. Mama na watoto wanagawana lengalenga. Mtoto wa kiume anatazama, hasemi kitu, lakini amejifunza: majani ni chakula cha mtu asiye na pesa. Miaka inapita, anaandikwa kazi, anapata mshahara wa kwanza. Sasa anakula bukari na nyama tu. Nani alimfundisha?

(Watu wengi huita mboga kila kitu kinachoshuka na bukari, hata samaki. Hapa tunasema juu ya majani, bamia, nyanya, biringanya.)

Kumwambia kijana kwamba mboga ni nzuri hakutoshi. Jambo hilo alilisikia masomoni, na bado anaziacha. Kijana hula alichozoea tangu utoto, kilicho karibu naye, na kile wenzake wanachokula. Basi baba, ukitaka mtoto wako ale majani, ule mbele yake. Mtoto akikataa mara ya kwanza, usimlazimishe: mpe kidogo siku nyingine. Wengine huzoea baada ya kuonja mara kumi au zaidi.

Wewe kijana unayepanga chumba na wenzako, tunajua shida yako. Umetoka zamu ya usiku, umechoka, na sombe inataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Usiiharakishe, kwa maana majani mabichi ya muhogo yana sumu. Siku hiyo nunua lengalenga au matembele. Osha kwanza, kata baadaye, weka maji kidogo, nyanya, mafuta na unga wa kalanga. Mara moja yameiva. Bikarbonati uiache, kwa sababu inaharibu vitamini.

Kwa nini ukurasa wa usalama unasema mambo ya chungu? Majani haya yana kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A. Mtu anayeikosa sana haoni vizuri gizani. Mfikirie huyo akiendesha gari usiku au akishuka chini ya ardhi. Majani yana chuma pia, cha kutengeneza damu. Chuma hicho huingia mwilini kwa shida: kamulia limau, na chai uinywe baadaye, si pamoja na chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kila siku, karibu makonzi matano. Muhogo na viazi havihesabiwi.

Mwenye uwanja apande lengalenga. Baada ya wiki 3 au 4 anavuna. Lakini usilime karibu na takataka za mgodi wala kwenye maji yanayotoka kiwandani. Vumbi la juu ya jani huondoka kwa kuosha. Madini ambayo mizizi imevuta kutoka udongoni hayaondoki, hata ukiosha mara tatu.