Risiti za Biashara: Uziweke Miaka Mingapi?

Uwe na duka la simu Luthuli Avenue, kibanda cha mboga Kangemi au saluni Kawangware, droo yako huenda imejaa risiti. Utupe zipi? Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inasema uziweke miaka mitano. Shida ni kwamba wengi huanza kuhesabu siku isiyo sahihi.

Hesabu inaanza lini?

Inaanza mwisho wa kipindi cha kodi, si siku uliyopewa risiti. Kwa kodi ya mapato ya mwaka, chukua mfano wa risiti ya stoki ya Machi 2021. Mwaka huo uliisha tarehe 31 Desemba 2021, kwa hivyo risiti inakaa hadi 31 Desemba 2026. Ukiitupa Machi 2026, umewahi kwa miezi tisa.

Je, miaka mitano inatosha kila wakati?

La. Ukiwa na kesi ya kodi na KRA, weka kila kitu hadi iishe. Na pakiwa na udanganyifu au uzembe wa makusudi, KRA inaweza kurudi nyuma zaidi ya miaka mitano.

Kwa nini ujisumbue?

Kwa sababu kwenye mzozo wa kodi, kazi ya kuthibitisha ni yako. Tuseme mwezi mmoja simu yako imepokea shilingi 80,000: mauzo 50,000, pesa za chama 20,000, na 10,000 kutoka kwa dadako. Taarifa ya miamala inaonyesha pesa imeingia, lakini haisemi ni ya nini. Bila rekodi, utaonyeshaje kwamba ile 30,000 si mauzo?

Fanya hivi:

1. Pokea mauzo kwa till, na pesa za nyumbani na chama kwa namba yako ya kawaida.
2. Pakua taarifa ya miamala kila mwezi na ujitumie kwa barua pepe. Simu ikiibiwa, rekodi zinabaki.
3. Piga picha risiti mapema, kwani maandishi ya zile za mashine hufifia. Karatasi yenyewe pia iweke.
4. Andika mauzo na matumizi kila siku. Kiswahili au Kiingereza, sheria inakubali zote mbili.
5. Weka risiti za kila mwaka kwa bahasha yake, na juu uandike tarehe ya kuitupa.

Bahasha ya 2025, kwa mfano, iandike: "Usitupe kabla ya 31 Desemba 2030."