Dondoo Muhimu: Historia ya Tovuti na Nafasi Yake Katika Utafutaji

Wafanyabiashara wa Lodwar na Kakuma wanaonunua jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, hawana budi kuchunguza lilivyotumiwa awali, kwa kuwa umri wake pekee haulipandishi katika matokeo ya utafutaji, ilhali tangu Machi 2024 Google huziadhibu tovuti zinazofufua majina yaliyokwisha muda ili kusambaza maudhui duni. Majina ya .ke, yaani ya Kenya, ambayo husimamiwa na shirika la KeNIC, yasipolipiwa kwa wakati huweza kuchukuliwa na mwingine, na hiyo ndiyo hasara chungu kuliko zote. Ukurasa ukihamishwa, anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya kwa msimbo 301, unaozijulisha injini za utafutaji kwamba uhamisho huo ni wa kudumu. Picha nazo zipunguzwe uzito, maana picha nzito huchelewesha ukurasa kufunguka kwenye simu, na Google hutathmini tovuti kwa toleo lake la simu.