Nywele Ngumu au Zimefunikwa? Maswali Yenu Kuhusu Kuosha Kipilipili

Ujumbe mwingi unaofika kwenye ukurasa huu unauliza jambo moja kwa namna tofauti: nywele zangu ni kavu, ngumu, hazirefuki, nipake mafuta gani? Jibu langu huwakera wenye haraka ya kwenda dukani. Usipake chochote kwanza. Osha. Nywele nyingi zinazoletwa saluni zikiitwa ngumu hazina ugumu wowote, zimefunikwa tu. Juu yake kuna mafuta ya mgando ya wiki tatu, jeli ya harusi ya juzi, vumbi la bodaboda na chumvi ya kisima, na kila mafuta mapya yanakaa juu ya utando huo bila kuugusa unywele wenyewe.

Dada, shikamoo. Huu ni mwaka wa pili tangu niache dawa. Naosha kila wiki na kupaka mafuta ya mgando kila asubuhi, lakini nywele ni kavu kama makuti. Nakosea wapi? (Mbagala)

Marahaba, mdogo wangu. Mafuta ya mgando hayana hata tone la maji. Kazi yake ni kuziba. Ukiyapaka kwenye unywele wenye unyevu, unyevu unabaki; ukiyapaka kwenye unywele mkavu, umeufungia ukavu ndani na maji nje. Wewe unaziba kila asubuhi.

Halafu kuna suala la umbo. Tundu la ngozi ambamo unywele wa kipilipili unaota limepinda, na unywele wenyewe ukitazamwa kwa hadubini ni bapa kidogo, si mviringo kamili. Ndiyo maana unajikunja. Mafuta ambayo ngozi ya kichwa inayatoa yenyewe huteremka bila shida kwenye unywele ulionyooka, ila kwenye kona zetu yanakwama karibu na shina. Kwa hiyo kichwa kimoja kinakuwa na mashina yaliyojaa mafuta na ncha zilizokauka. Mwenye kichwa akigusa ncha anaona ukavu, anachota mafuta, anayapaka wapi? Shinani.

Kabla hujaosha tena, fanya kipimo hiki. Shika unywele mmoja karibu na shina, ubane kati ya kucha ya kidole gumba na kidole cha shahada, uvute taratibu hadi nchani, kisha itazame kucha. Ukikuta ute wa kijivu unaonata, hilo ndilo jibu lako. Kuosha kila wiki ni sawa kabisa, ila kama unaosha kwa kondishena peke yake, au kwa shampuu kiduchu iliyomwagwa utosini mara moja na kusuuzwa, mgando hautoki. Hapo panahitajika kuosha kwa kina.

Huko kuosha kwa kina kunafanywaje nyumbani? Saluni ni ghali. (Morogoro)

Inafanyika bafuni kwako, na ndoo mbili zinatosha.

Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, paka mafuta ya nazi kidogo nywele nzima, hasa nchani, yasichuruzike. Mafuta haya nayatetea kwa sababu. Watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea kwenye unywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Molekuli ya asidi ya lauriki iliyomo ni ndogo na nyoofu, hivyo inapenya ndani badala ya kukaa juu. Hayo mafuta utayaosha kesho yake. Yatakuwa yameshafanya kazi.

Asubuhi, zigawe nywele mafungu manne, au manane kama ni nyingi, kabla hazijaloa. Kila fungu lisokote au libane. Tumia maji ya uvuguvugu, uziloweshe mpaka zijae maji. Changanya shampuu na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa yenye mdomo mwembamba. Ile ya tomato sosi ikioshwa vizuri inafaa mno. Fungua fungu moja, elekeza mdomo wa chupa kwenye ngozi, sugua kwa nyama ya vidole na si kucha, kisha lipeleke povu chini mpaka nchani. Usizirundike nywele zote utosini na kuzifikicha wanavyofanya kwenye matangazo. Hapo ndipo mafundo yanapozaliwa.

Povu la kwanza litakuwa haba na litafifia upesi. Usiilaumu shampuu, ni dalili kwamba mafuta yalikuwa mengi. Suuza, rudia. Mara ya pili povu litajaa kiganjani. Nywele zikisafika hukwaruza kidogo ukizipitisha kati ya vidole, na mara nyingi mikunjo inajitokeza ambayo mwenyewe hukujua unayo.

Usiziache hapo lakini. Unywele uliooshwa hivyo una chaji hasi, na viambato vya kondishena vyenye majina marefu yanayoanza na Behentrimonium au Cetrimonium vina chaji chanya, kwa hiyo vinajishikiza hasa pale palipochakaa. Paka ya kutosha, vaa kofia ya plastiki dakika 20 hadi 30, na taulo lililochovywa maji ya moto juu yake kama huna stima. Chana kondishena ikiwa bado kichwani, kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda. Unywele ulioloa unavutika sana na unakatika kirahisi kuliko mkavu. Kitana chenye meno madogo kiache hukohuko kabatini.

Kuosha kwa kina mara moja kwa mwezi kunawatosha wengi. Anayepaka jeli na mgando kila siku, kila wiki mbili. Katikati ya hapo tumia shampuu laini. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani huwashauri wenye nywele za Kiafrika waoshe kila wiki au kila wiki mbili, nami sioni sababu ya kushauri tofauti kwetu, hasa kwa jua na jasho la Pwani.

Sisi tunatumia maji ya kisima, yana chumvi. Sabuni ya kipande haitoi povu na nywele zinabaki na kitu cheupe. Siwezi kununua maji ya chupa ya kuoshea kichwa! (Mombasa)

Wala hakuna anayekutaka ununue. Ile ladha ya chumvi siyo adui mkubwa. Mji wenu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yanayopita humo yanabeba kalsiamu nyingi. Sabuni ya kipande, au ya mche kama tunavyoiita huku, ikikutana na kalsiamu haitoi povu. Inagandamana nayo na kuwa utando usioyeyuka. Hicho ndicho cheupe unachokiona. Kadiri unavyoongeza sabuni ndivyo unavyoongeza utando.

Kwa hiyo sabuni ya kipande ibaki ya nguo. Tafuta shampuu iliyoandikwa Disodium EDTA, Tetrasodium EDTA au Sodium Phytate kwenye orodha ya viambato. Hivi hushika madini na kuondoka nayo kwenye maji. Vimo kwenye shampuu nyingi kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo chagua ile ambayo jina hilo liko juu zaidi katika orodha, kwani viambato vingi hupangwa kuanzia vilivyo vingi kwenda vilivyo vichache. Tumia kila wiki mbili.

Hila ya pili haina gharama. Osha kwa maji ya kisima, lakini suuza ya mwisho kwa maji ya mvua. Lita mbili au tatu zinatosha ukiyamimina kwa kopo. Masika ikianza, iache mvua ya kwanza ioshe bati, ndipo ukinge. Kiangazi, tia kijiko kimoja cha chakula cha siki katika lita moja ya maji, mimina, subiri dakika moja, kisha suuza. Harufu inaondoka nywele zikikauka.

Magadi soda je? Na ndimu? Naona watu wanasifia. (Dodoma)

Hapana, na hapana tena.

Ngozi ya kichwa yenye afya ina pH ya karibu 5.5. Maji yenye magadi soda ya dukani yanapita 8, na magadi ya ziwani, yale tunayochemshia makande, yanafika karibu 10. Ni kweli utando unatoka. Lakini magamba ya unywele yanavimba na kufunguka, na kipilipili ambacho magamba yake tayari yameinuka kwenye kila kona kinaumia kuliko nywele nyingine.

Ndimu ina hatari nyingine. Maji yake yakibaki kwenye paji la uso au shingo, halafu ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kuacha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Siki iliyozimuliwa inafanya kazi ileile bila balaa hilo.

Bibi yangu wa Unguja alituosha kwa majani ya mkunazi. Huku Muscat yanauzwa ya unga, wanaita sidr. Yanasafisha kweli au ni mazoea tu? (Muscat)

Yanasafisha. Majani ya mkunazi yana saponini, ambazo ukizikoroga kwenye maji hutoa povu na kunyanyua uchafu. Ni mapole, na ngozi inayowasha huyapenda. Chekecha unga kwa kitambaa chepesi, si kwa chujio la chai, maana vipande vya majani vikiingia kwenye kipilipili utavitoa kimoja kimoja mpaka Magharibi.

Ila bibi hakuwa akipaka jeli ya duka wala krimu zenye silikoni. Alipaka mafuta ya nazi, na mkunazi unayamudu. Silikoni kama Dimethicone, na mgando mwingi, ni kazi ya shampuu. Mimi ningeufanya mkunazi wa kila wiki, na shampuu kali ya mara moja kwa mwezi.

Nimeona kwenye video kwamba sulfate ni sumu na nywele za mawimbi hazitakiwi shampuu kabisa. (Arusha)

Sumu, la. Sodium Laureth Sulfate ni kisafishi chenye nguvu. Kikitumika kila siku kinakausha, kikitumika mara moja kwa mwezi na kondishena ikafuata, ni chombo cha kazi. Mawazo ya kuiacha shampuu yalienea sana baada ya Lorraine Massey, mtaalamu wa nywele wa New York, kutoa kitabu chake *Curly Girl* mwaka 2001. Kilikuwa na mema mengi, na kiliwafundisha watu kuacha kupigana na mikunjo yao. Lakini anayeosha kwa kondishena tu huku akikwepa silikoni na mafuta mazito si sawa na mtu wa Arusha anayepaka mgando, anafunga kilemba na kupanda daladala. Ukifuata nusu ya ushauri ule unabaki na utando wote.

Visafishi laini vipo. Tafuta Cocamidopropyl Betaine, Decyl Glucoside au Sodium Cocoyl Isethionate. Hivyo ndivyo vya kila wiki.

Nikifumua rasta, nywele zinatoka mafungu kwa mafungu, na nikiziosha zinashikana zikawa donge. Nimeacha kusuka kwa woga. (Mwanza)

Usiogope kinachotoka. Mtu wa kawaida hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukikaa na rasta wiki sita, zilizokwisha kung'oka zenyewe na kunaswa ndani ya msuko ni kati ya 2,100 na 4,200. Lazima lionekane rundo. Cha kuogopa ni nywele zilizokatika nusu, au ngozi inayong'aa kwenye paji na juu ya masikio. Hiyo inasababishwa na msusi kuvuta mno. Ukisuka yeboyebo ukashindwa kulala, zifumuliwe siku hiyohiyo.

Kuhusu donge, kosa liko kwenye mpangilio. Kila penye shina la rasta pana kijivu kigumu, mchanganyiko wa vumbi, mafuta na ngozi iliyokufa. Kikikutana na maji kabla hakijatolewa, kinazibana nywele zilizong'oka na nzima pamoja. Kwa hiyo ukifumua msuko mmoja, palepale paka kondishena au mafuta mepesi kwenye hicho kijivu, kipasue kwa vidole, pitisha chanuo, toa nywele zilizokufa, uusokote, uende wa pili. Maji yanaingia ukishamaliza kichwa chote. Ni kazi ya jioni nzima, andaa tamthilia ya kutazama.

Na wakati umesuka, osha pia. Chupa ileile ya mdomo mwembamba, shampuu iliyozimuliwa, kwenye mistari ya ngozi. Kisha zikauke kabisa, hata kwa drayer ya baridi. Rasta zinazofungiwa mbichi ndani ya kilemba au mtandio ndizo zinazonuka.

Mimi ni baba, mama yao yuko masomoni. Binti yangu wa miaka sita analia kila Jumapili nikimchana. (Iringa)

Hongera, baba. Usimchane akiwa mkavu, hilo peke yake litapunguza nusu ya kilio. Mafungu manne, maji, kondishena, chanuo la meno mapana, na mkono wako mwingine ushike nywele juu ya fundo ili mvuto usifike kwenye ngozi. Anzia nchani. Kisha msuke mabutu manne yaliyolegea, wiki imekwisha. Shampuu kali mtoto wa umri huo haihitaji.

Ukiona duara lisilo na nywele, lenye magamba, hayo huenda ni mapunye. Shampuu na mafuta pekee hayayaponyi. Anahitaji dawa ya kumeza aliyoandikiwa na daktari, na chanuo lake lisitumiwe na mwingine.

Nina mba sugu. Nikipaka mafuta unapotea, baada ya siku mbili umerudi. (Temeke)

Haukupotea, umelowa tu. Mba wa aina hiyo unahusiana na fangasi waitwao Malassezia, wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta yake. Mafuta yetu mengi ya mimea, ya nazi yakiwemo, ni chakula chao. Kwa hiyo nywele zako paka, ngozi iache.

Nunua duka la dawa shampuu yenye ketoconazole. Ipake kwenye ngozi tu, iache dakika tatu hadi tano, suuza, na nywele zenyewe uzipe kondishena kwa sababu dawa hiyo inakausha. Mara mbili kwa wiki, mwezi mmoja. Kama hakuna mabadiliko, au ngozi ni nyekundu, inatoa majimaji au nywele zinapungua mahali pamoja, muone daktari wa ngozi. Walio kaskazini wana kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kilichopo tangu mwaka 1992. Ukienda, siku hiyo usipake mafuta wala usisuke. Daktari anataka kuyaona hayo magamba yenyewe.