Mtoto Apewe Nyama, Mchuzi Pekee Hautoshi

Wajukuu zangu hushinda kwangu wazazi wao wakiwa kazini, na kabla yao nililea wanangu hapa hapa Dar es Salaam. Katika nyumba nyingi nilizopanga, na hata kwa ndugu, nimeona jambo moja likijirudia. Siku kuku anapopikwa, mtoto aliyeanza kula hupewa wali uliololowa mchuzi, na nyama wanakula wakubwa. Ukiuliza utaambiwa atasakamwa, au tumbo litamvuruga. Hofu hiyo ina msingi, na wanaoisema wanampenda mtoto. Lakini sehemu kubwa ya hatari hiyo inazuilika jikoni, na mtoto akala nyama yake. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Nguvu inabaki kwenye nyama

Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, nayo akifika miezi 6 inakuwa imepungua sana. Maziwa ya mama ni bora na yaendelee, ila chuma chake ni kidogo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka mtoto wa kuanzia miezi 6 apate nyama, samaki au mayai kila siku. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Ninapoiwaza takwimu hiyo na kumwona mtoto akipewa supu tupu, roho inaniuma. Supu ina maji, chumvi na mafuta. Utamu upo, lakini protini na chuma kwa sehemu kubwa vimebaki kwenye kipande alichopewa mjomba.

Paja lina chuma zaidi ya kidari, na ini linayashinda yote. Ini nampa mtoto kipande kidogo, mara moja tu kwa wiki, kwa sababu lina vitamini A nyingi ambayo mwili huihifadhi, na ikizidi inadhuru. Pembeni naweka nyanya iliyoiva au maji ya chungwa ili mwili upate kufyonza chuma. Chai ya rangi sitaki kuiona kwenye chakula cha mtoto, maana inazuia kazi hiyo hiyo.

2. Kuku mgonjwa haingii kwenye sufuria ya mtoto

Ugonjwa wa kideri ukipita mtaani watu huwahi kuchinja kuku wasije wakafa bure. Naelewa uchungu wa hasara hiyo. Hata hivyo kuku anayesinzia, aliyetimua manyoya na anayeharisha kijani simpikii mtoto, na aliyekutwa amekufa bandani anafukiwa. Kwa kuku wa kisasa namuuliza mfugaji siku ya mwisho kumpa dawa, kwani kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla kuku hajaliwa.

3. Maji ya kuoshea kuku ni hatari kuliko kuku mwenyewe

Kuku mbichi, hata mzima wa afya, anaweza kuwa na vijidudu vya salmonela na kampilobakta. Moto unaviua. Shida ni vile vilivyokwisha kuruka kabla ya moto kuwaka. Huko Uingereza na Marekani wataalamu wanakataza kabisa kuosha kuku, kwa kuwa maji yanarusha vijidudu, na kuku wa huko anatoka kiwandani ameshasafishwa na kufungwa. Wa kwetu anatoka sokoni na vishina vya manyoya, damu na pengine kipande cha utumbo. Lazima aguswe, basi aguswe kwa utaratibu.

Kwanza naondoa vyombo vya mtoto: bakuli, kijiko, chupa, vyote vinaingia kabatini. Kachumbari na matunda vinakatwa mapema, kabla kuku hajafunguliwa. Kuku ana beseni lake, halioshewi kitu kingine. Najaza maji kwanza, ndipo namzamisha na kumsafisha taratibu chini ya maji. Kumweka chini ya bomba linalofoka ni kurusha matone mpaka kwenye sahani za jirani. Maji yale yanamwagwa chooni, beseni na ubao vinasuguliwa kwa sabuni na maji ya moto, na mikono inaoshwa kwa sabuni hadi kwenye viganja na kucha. Mtoto akilia katikati ya kazi hii, ninanawa kwanza ndipo nimbebe. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kilio cha mtoto kinavuta mkono.

4. Rangi ya nje isikudanganye

Kuku wa kienyeji hana tatizo sana. Anachemka muda mrefu mpaka alainike. Wa kuogopwa ni wa kisasa anayekaangwa kwenye mafuta ya moto mno, hasa akiwa hajayeyuka barafu vizuri. Nje anakuwa wa kahawia wa kupendeza, kwenye mfupa bado mbichi. Namtoa kwenye friza usiku, anayeyuka kwenye friji akiwa ndani ya bakuli, si juu ya meza. Mtoto simkaangii, nachemsha.

Wataalamu wanataka ndani ya nyama kufike nyuzi joto 70, na Marekani wanasema 74. Kwa kuwa majiko yetu mengi hayana kipimajoto, natoboa paja mahali penye nyama nene. Maji yatoke meupe, nyama iachie mfupa, na katikati pasiwe na ubichi. Sehemu ya mtoto aliye chini ya mwaka naitoa kabla sijaweka chumvi na vile vidonge vya mchuzi, ambavyo vimejaa chumvi.

5. Vidole ndivyo vinavyogundua mfupa

Macho hayatoshi. Nyama ikipoa kidogo naipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, nyuzi kwa nyuzi, halafu narudia. Naondoa ngozi, gegedu na mishipa. Shingo na mbavu simpi, zina vifupa visivyokwisha. Kwenye mguu wa chini kuna kimfupa chembamba kama sindano, kimelala ubavuni mwa mfupa mkubwa. Nyama ikilainika kinajificha humo. Hicho nakitafuta kila mara mpaka nikishike.

Kwa mtoto wa miezi 6 natwanga nyama kwenye kinu kilicho safi pamoja na mchuzi kidogo, kisha nachanganya na viazi, ndizi au mchicha. Uzito uwe wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Miezi minane au tisa, nakata nyuzi zile kwa kukatisha ziwe fupi, maana nyuzi ndefu hujikunja kooni. Akifika mwaka anakula cha familia, kikiwa kimekatwa vipande vidogo.

Na akae wima. Asile akilala, akilia wala akikimbia uani na kipapatio mkononi. Anayekohoa na kutoa sauti mwache akohoe, ukae naye karibu. Anayenyamaza ghafla, hawezi kulia wala kuvuta hewa, huyo amesakamwa. Kama hajatimiza mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Kitu kisipotoka, mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, kisha urudie, huku mwingine akitafuta msaada wa hospitali. Usichokonoe koo kwa kidole usipokiona kitu chenyewe, utakisukuma ndani. Dada anayenisaidia kulea wajukuu nilimwonyesha haya kwa mwanasesere kabla sijamwachia mtoto hata saa moja.

6. Kilichobaki

Kwa joto letu, chakula cha kuku kisikae nje zaidi ya saa 2. Chakula kilichofungwa asubuhi kwenye hotpoti hadi mchana huwa kimefikia uvuguvugu, na vijidudu vinaupenda. Nagawa mapema: cha sasa kwenye bakuli, cha baadaye kwenye friji. Kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi kwenye chombo cha akiba. Kupasha moto ni mara moja, hadi kichemke kweli, halafu kipoe. Umeme ukikatika mchana kutwa, nyama ile simpi mtoto.

7. Kuku walio hai pia

Mtoto anayetambaa hushika kila kitu na kukipeleka mdomoni, kinyesi cha kuku kikiwemo. Kuku wafungiwe bandani, na mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kula. Akiharisha, anyonyeshwe zaidi, apewe ORS na zinki kama kliniki wanavyoelekeza. Ukiona damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, kukosa mkojo au mtoto amelegea hataki kunyonya, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.