Vitu Vilivyosalia Ndani ya Motokaa Iliyokamatwa kwa Deni

Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13, Kutoka 22:26–27, Filemoni 17–19.

Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo wengi hulidhani kuwa la mahakama tu, wala si la Kanisa. Mkristo amekopa fedha, ameweka motokaa yake rehani, kisha ameshindwa kulipa. Nao watu wa mkopeshaji wamekuja wakaichukua. Habari hizi zasikika sana siku hizi mjini na shambani, maana watu wengi hununua motokaa, bajaji na pikipiki kwa mkopo ili wapate riziki. Lakini ndani ya motokaa ile mlikuwa na vitu: sanduku la zana za fundi, vyeti vya shule vya mtoto, dawa ya mama mwenye kisukari, pengine hata daftari la usharika. Je, vitu hivi ni vya nani? Naye mdeni afanye nini ili avipate?

I. Neno la Mungu lafundisha nini

Torati haimkatazi mtu kuchukua rehani. Yampa mkopeshaji haki yake, kisha yaiwekea mpaka. Mpaka huo twauona katika mambo matatu.

Kwanza, mlango. Mkopeshaji hakuruhusiwa kuingia nyumbani mwa mdeni ili achukue rehani. Alipaswa kusimama nje, naye mdeni amletee kwa mkono wake mwenyewe. Yaliyomo nyumbani hayakuwa rehani, na mtu aingiaye humo huona kitanda na chungu, moyo wake ukaanza kutamani. Basi motokaa nayo ni kama nyumba ndogo yenye magurudumu. Zamani rehani ilitolewa nyumbani ikaletwa nje. Leo rehani huvutwa pamoja na yote yaliyomo, pengine usiku, wala mwenyewe hapati nafasi ya kutoa hata koti lake. Kwa hiyo mkopeshaji, hata kama hakukusudia, amekwisha kuvuka mlango. Imempasa kuvirudisha vitu vile.

Pili, jiwe la kusagia. Musa alikataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, hata lile la juu peke yake, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Jiwe moja likiondoka, nyumba nzima yakosa unga. Zana za seremala ndizo jiwe lake la kusagia. Akizuiliwa zana zake, atalipaje hilo deni? Sheria ya nchi nayo yapatana na neno hili. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, ya mwaka 1966, yasema ya kuwa hata mtu akihukumiwa na mahakama alipe deni, hazikamatwi nguo zake za lazima, vyombo vyake vya kupikia, kitanda na matandiko, wala zana za fundi na za mkulima. Ikiwa hukumu ya mahakama imewekewa mpaka huo, sembuse dalali aliyetumwa kuchukua motokaa tu?

Tatu, kuchwa kwa jua. Vazi la maskini lilipaswa kurudishwa kabla jua halijachwa, maana ndilo alilojifunika usiku. Hapa twajifunza kwamba kurudisha kwa kuchelewa si sawa na kurudisha kwa wakati wake. Dawa ya kisukari haingoji mwisho wa mwezi.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliieleza amri ya saba hivi kwamba haitoshi kutoiba. Yatupasa kumsaidia jirani atunze mali yake na riziki yake. Na katika amri ya tisa alituonya tusijipatie mali ya jirani kwa kujifanya kuwa tuna haki. Onyo hili lamhusu sana mtu ashikaye karatasi ya mkopo mkononi na kusema, “Vyote vilivyomo ni vyangu.”

II. Mpaka wa kila mmoja

Deni lafika pale ilipofika rehani, halipiti hapo. Mkataba hutaja motokaa fulani yenye namba fulani. Vitu vilivyofungwa humo, kama viti na betri, pamoja na jeki na gurudumu la akiba vilivyokuja nayo, hufuata motokaa. Vitu vya kuchukuliwa mkononi ni vya mwenyewe. Na vitu vya watu wengine, kama mzigo wa abiria, havikuwekwa rehani kabisa, maana hakuna awezaye kuweka rehani kisicho chake.

Mdeni naye ana mpaka wake. Kurudishiwa vitu hakufuti deni. Zaburi ya 37 humhesabu kuwa mwovu yule akopaye asilipe. Tena asiseme mlikuwa na fedha garini, hali hazikuwamo. Wala asiende usiku na ufunguo wa pili kuifungua motokaa kwa siri, wala asikusanye vijana wa kupigana, kwa maana hapo ataigeuza haki yake kuwa kosa la jinai.

III. Namna ya kuvidai kwa amani

1. Andika orodha siku ile ile, ungali unakumbuka. Taja kila kitu kwa rangi na idadi yake. Aliyeona vitu vile garini naye atie sahihi.

2. Uliza motokaa imewekwa katika yadi gani, ukaende upesi. Chukua kitambulisho, nakala ya mkataba na nakala ya kadi ya gari. Kama kuna dawa, ziombe kwanza, saa ile ile.

3. Peleka barua kwa mkopeshaji na kwa dalali, pamoja na orodha. Baki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Neno la mdomo husahauliwa.

4. Ukiambiwa, “Lipa deni kwanza, ndipo upewe vitu,” jibu kwa upole kwamba hayo ni mambo mawili. Deni lina mkataba wake. Vitu hivi havimo katika mkataba huo.

5. Siku ya kupokea, hesabu kitu kimoja kimoja mbele ya karani. Usitie sahihi karatasi isemayo umepokea vyote, kama havikutimia. Andika kwanza kilichopungua.

6. Wakikataa, peleka habari kwa viongozi wa mtaa au wa kijiji, na polisi ili ziandikwe. Wakopeshaji wadogo husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Waweza kupeleka malalamiko huko. Mahakama nayo ipo. Na asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe msaada wa kisheria bila malipo, ulio katika sheria ya mwaka 2017.

7. Motokaa ikiuzwa, omba hesabu iliyoandikwa. Bei ikizidi deni na gharama, kilichozidi ni chako. Ikipungua, bado wadaiwa.

IV. Kazi ya usharika

Twajua ya kuwa wengi hawaendi kudai vitu vyao, si kwa kutojua njia, bali kwa aibu. Motokaa imevutwa majirani wakitazama. Jumapili ile mtu hakuonekana kanisani, wala ya pili yake. Aona afadhali kupoteza zana za miaka 10 kuliko kusimama mbele ya karani na kutajwa jina lake. Hivyo hasara ya kwanza yazaa ya pili iliyo kubwa zaidi: amepoteza motokaa, sasa apoteza na kazi, na ushirika wa ndugu.

Basi, ndugu waalimu na wazee wa kanisa, mtu wa namna hiyo asiende yadini peke yake. Onesimo hakurudi kwa Filemoni mikono mitupu. Alichukua barua ya Paulo, na katika barua ile Paulo alikubali kuhesabiwa deni la mwingine. Hatusemi kila mzee alipe madeni ya usharika. Twasema kwamba mzee mmoja aliyevaa nguo safi, akisimama kimya karibu na ndugu yake, huwafanya makarani waseme kwa adabu, na mdeni aseme kweli.

Tena tuseme neno kwa wakopeshaji, maana wao pia huketi katika viti vyetu vya kanisa. Wako Wakristo wampao kijana pikipiki kwa mkataba, alete hesabu kila siku, hata baada ya muda iwe yake. Kijana akishindwa, waichukua pikipiki. Haya, waichukue ikiwa mkataba wasema hivyo. Lakini kofia aliyoinunua yeye, koti la mvua, na leseni yake iliyo chini ya kiti, virudishwe siku ile ile, kabla jua halijachwa. Ukimwita kijana aje atoe vitu vyake kwa mkono wake kabla hujaondoka na pikipiki, umeitimiza sheria ya mlangoni.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mkopeshaji aliamriwa asimame nje?
2. Katika kazi yako, “jiwe la kusagia” ni kitu gani?
3. Yuko nani katika mtaa wetu ambaye hajaonekana kanisani tangu alipokamatiwa mali? Ni nani atakayemwendea juma hili?